Neno Moja Mbele ya Katuni ya Theluji

Sogezeni vigoda. Mwenye kukohoa akohoe sasa.

Kule Marangu walikuwepo ndugu watatu. Aikande, dada mkubwa, alijua kutunza. Kwake hata kifungo cha shati hakipotei. Kundaeli alijua kufufua vyombo vilivyokufa. Elifuraha, kitinda mimba, alijua kuiga sauti za watu. Mchungaji alivyomwogopa huyo!

Kila Krismasi baba yao aliweka katuni ya dubu aliyepotea kwenye theluji. Kizungu hakijui, basi huzima sauti akasimulia mwenyewe. Dubu alimwita Shemeji, maana hutokea ndizi nyama zikishaiva. Mama hucheka mpaka kanga imdondoke.

Baba akafa. Mama naye akili ikamtoka, asimjue mtu. Aikande ndiye aliyemlisha na kumwogesha, na malipo yake kuitwa "wewe mgeni". Alitamani kitu kimoja tu kabla ya kumzika mama: aitwe mwanangu, hata mara moja.

Krismasi ikafika, wadogo zake wakaja. Aikande akatoa diski ya katuni ile, aliyoifunga miaka yote kwenye shati la baba. Haina mkwaruzo.

Deki ya kuichezea ilikuwa kutu tupu. "Dada, hii watagie kuku," alisema Kundaeli. Lakini siku mbili nzima alifungua, akafunga, mpaka kitaa chake kikawaka.

Theluji ya katuni ikajaa kwenye runinga. Mama akatazama ukuta. Ndipo Elifuraha akazima sauti, akajikohoza vilevile kama marehemu: "Shemeji huyoo! Ficheni nyama!"

Mama akageuza shingo. Akacheka, kanga ikadondoka. Macho yakiwa kwa dubu, akasema: "Asante, mwanangu."

Wakaitika wote watatu kwa mpigo.

Neno hilo hakulisema tena. Kesho yake aliwauliza wao ni wageni wa nani. Pasaka wakamzika.

Matanga hayajaanuliwa, wakaanza.

"Aliniita mimi. Nilimrudishia baba," Elifuraha akasema.

"Ungesimulia nini kwenye deki iliyokufa?" Kundaeli akamkata.

"Na wewe ungefufua deki uangalie nini?" Aikande akawaka. "Nyie mnakuja na Krismasi, mnaondoka na Krismasi!"

Tangu hapo hakuna aliyerudi. Krismasi Aikande hupika ndizi za mtu mmoja. Diski imo kwenye shati, haina mkwaruzo, haina mtazamaji.

Haya, nyie hodari wa kuhukumu nyumba za wenzenu: neno lilikuwa moja, na mwenye nalo yuko kaburini. Ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani?