Pimbi na Hita ya Mzazi

Masikio yako wapi?
Haya hapa.
Mdomo uko wapi?
Nimeufunga.
Ufunge kwelikweli. Apeni kwanza kwamba haya ninayowaambia hayatoki hapa. Na mimi niliapa hivyohivyo, tena kwa jina la mama yangu mzazi. Haya, sogeeni.

Huko mlimani, kwenye baridi ya kuuma mifupa, Pimbi alikuwa na binti yake, Sikuzani, aliyekuwa amejifungua jana yake tu. Na mzazi, mnajua wenyewe, hukandwa kwa maji ya moto siku arobaini. Pimbi alikuwa na hita yake: pipa la bati, jiko la kuni chini, bomba la moshi limetokea ukutani nyuma ya nyumba. Akawasha. Moshi badala ya kutoka, ukarudi ndani, fooo. Moto ukazimika, tii. Maji yakabaki ya kugandisha vidole.

Akaitwa Fundi Nyani, kifua kama mlango wa ghala.

"Fundi hafanyi kazi na tumbo tupu," akasema. Akaubeba uji wa mzazi, ule wa siagi na pilipili manga, gluu, gluu, gluu, sufuria ikabaki inang'aa. "Sasa tokeni nje. Kazi hii haitaki macho."

Wakatoka. Hita ikawaka.

Siku ya pili: moshi fooo, moto tii, fundi gluu gluu. Siku ya tatu: fooo, tii, gluu gluu. Maji Sikuzani aliyapata, uji hakuuonja. Maziwa yakaanza kumkauka, na kichanga kikalia mpaka sauti ikakwaruza.

Siku ya nne, fooo, tii. Jirani wa Pimbi, Bi Kanga, alikuwa ameshafika mlangoni.

"Nikuitie fundi, shoga?"

"Usimwite. Naitengeneza mwenyewe."

"We Pimbi, hita si chungu cha maharage. Fundi kasema asiye fundi akiigusa inalipuka."

"Ikilipuka, angalau tutapata joto."

"Utakufa, shoga yangu."

"Basi utapata la kusimulia. Nishikie mtandio."

Akaingia jikoni mwa hita, akapanda bombani, kwaru, kwaru, kwaru. Kichwa kikagonga kitu laini. Fungu la majani ya mgomba, mabichi, limefungwa kamba vizuri. Pimbi akalitazama. Majani hayajifungi kamba yenyewe. Akalisukuma nje, akashuka, akawasha moto. Maji tokotoko. Sikuzani akakandwa, akanywa uji wake wote, akalamba na mwiko.

Siku ya sita Pimbi akamnong'oneza Bi Kanga: "Hita yangu imepona, wala haitaharibika tena. Usimwambie mtu."

Kabla jua halijasogea, mlima mzima ulikuwa unajua. Na fundi alikuwa wa kwanza kuambiwa.

Siku ya saba mtoto akatolewa nje, wageni wakajaa uani, fundi naye kavaa kanzu. Watu walipoanza vigelegele, akanyata nyuma ya nyumba. Moto ulikuwa umeshapoa. Akatia mkono bombani mpaka kwapani.

Kwa!

"Yoooo!"

Watu wakakimbilia nyuma. Fundi akauchomoa mkono: kiganjani fungu la majani ya mgomba, na kwenye kidole gumba Pimbi, mweusi tititi kwa masizi, ananing'inia kwa meno.

"Nilikuwa nakagua tu," fundi akasema.

"Unakagua kwa majani, baba?" akauliza Bi Kanga.

Sikuzani akafika na mtoto kifuani. "Mama, mwachie. Mkono wenyewe hujui umetoka kushika nini."

Pimbi hakumwachia.

Na hapo ndipo nilipowaacha, kijiji kizima kimewazunguka. Mafunzo yake, watoto wangu: kitu kikiharibika, usikiguse. Mpikie fundi uji, utoke nje, ufumbe macho.

Ngano nimeipakua, anayetaka ukoko akwangue mwenyewe.