Pimbi na Mtungi Ulioitikia

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na nini?

Na sauti.

Sauti ya nani?

Hatuijui, tusikilizishe.

Haya, kaeni sawa. Wewe uliyeegemea mlango, toa mgongo wako hapo. Hadithi ya leo ina kuimba ndani yake, na aliyejikunja haimbi. Na mimi nikiimba msicheke. Mkicheka nanyamaza, mtakwenda kulala na hamu yenu.

Palikuwa na bwawa chini ya kilima cha mawe. Wanyama wote wa pale walikunywa bwawa hilo hilo, na ili wasing'oane macho walijiwekea desturi. Kila mwaka mtama ulipoiva walikusanyika ukingoni kumchagua manju, yaani mwimbishaji wao. Manju anatupa wimbo, umati unaupokea. Akiutupa mara tatu, na umati ukaupokea mara tatu bila kupotea, basi kashinda. Na manju ndiye anayesema, mwaka mzima, nani anywe kwanza na nani anywe mwisho.

Miaka mitatu mfululizo manju alikuwa Kiboko. Mnadhani aliimba vizuri? Thubutu. Alisimama, akasema "Hooo", akamtazama kila mmoja usoni. Na kila mmoja akasema "Hooo". Hakuna mwingine aliyejitokeza, kwa hiyo wakampa.

Kiboko akatoa amri yake. "Kwanza nakunywa mimi. Halafu naoga mimi. Halafu nalala humo humo mimi."

Wengine wakabaki na tope. Asubuhi tope, jioni tope.

Sasa juu ya kile kilima, kwenye ufa wa jabali, aliishi Pimbi na watoto wake watatu. Pimbi mnamjua: mfupi, mnene, mkia hana. Watoto wake walikunywa tope, wakakohoa. Kho, kho, kho. Wakalala, kho, kho, kho. Mama yao akasikiliza kikohozi hicho siku nyingi mpaka moyo ukamjaa. Siku moja akashuka bwawani, akasimama mbele ya Kiboko.

"Bwana Kiboko, mwaka huu nitaimba mimi."

Kiboko akacheka mpaka maji yakamwagika ukingoni. "Wewe? Haya, imba. Lakini ukishindwa, unahama na wanao, na lile jabali linakuwa langu. Napenda kuota jua."

"Nimekubali," akasema Pimbi.

Ndiyo, alikubali. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma inachechemea. Alipofika nyumbani ndipo alipokumbuka kwamba tangu azaliwe hajaimba hata wimbo mmoja.

Akasema ajaribu. Akainua mabega, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

"Kwiii-kwaa."

Watoto wakaziba masikio. Akainua mabega tena, akavuta pumzi tena, akafungua kinywa zaidi.

"Kwiii-kwaa-krrr."

Mtoto wa mwisho, jina lake Kitembe, akamwambia, "Mama, tukaanze kufunga mizigo?"

Pimbi akaogopa. Ameweka rehani nyumba yake, na sauti yenyewe ni ya bawaba ya mlango. Tena alikuwa na kosa la kila anayeanza kuimba: alianzia juu kabisa, kule kwenye ncha, na wimbo ulipotaka kupanda hakukuwa na pa kupandia. Ilibaki kupiga kelele tu, na koo likamuuma.

Akasema anywe maji. Akaenda kwenye mtungi, akauchungulia. Mkavu. Akaingiza kichwa mpaka shingoni kuona kama limebaki tone. Halipo. Basi, kichwa kikiwa humo humo, mdomo kaufumba, akaguna kwa huzuni.

"Mmmm."

Mtungi ukajibu. "Vummm."

Pimbi akashtuka, akatoa kichwa. Akatazama nyuma ya mtungi, hakuna mtu. Akarudisha kichwa. "Mmmm," akaguna juu zaidi. Mtungi kimya. "Mmmm," akaguna chini zaidi. Mtungi kimya. Akarudi katikati, taratibu, anatafuta kwa sauti kama anayetafuta sindano kwa vidole. "Mmmm."

"Vummm." Na safari hii sharubu zake zikatetemeka, titititi, zikamtekenya mpaka akapiga chafya.

Jamani, nawaambia, Pimbi aliruka. Aliruka akagonga kichwa dari. Kumbe mtungi una sauti yake moja, na ukiipata kamili unakuitikia, na ukiikosa hata kidogo unakununia. Hauogopi mtu, haumpendelei mtu. Mwalimu gani mwingine yuko hivyo?

Tangu siku ile Pimbi akaanza kujifunza, pale pale nyumbani. Asubuhi kidogo, jioni kidogo. Kwanza aliguna mdomo umefumbwa, "mmmm", mpaka mtungi uitikie. Halafu akaufungua mdomo polepole, "mmmm-aaa", bila kuiacha ile sauti idondoke. Mara ya kwanza ilidondoka. Mara ya pili ilidondoka. Siku ya tano ikakaa.

Pumzi nayo ilimsumbua. Kila akifika katikati ya wimbo, pumzi inakwisha. Akalala chali, akaweka jiwe dogo juu ya tumbo. Akavuta pumzi: mabega yakapanda, jiwe limetulia. Akavuta tena, mabega akayakataza. Jiwe likainuka.

"Limepanda," wakasema watoto.

Akatoa pumzi polepole, "ssss".

"Limeshuka."

Limepanda, limeshuka. Limepanda, limeshuka. Ukawa mchezo wa nyumba nzima. Na koo lilipoanza kuwasha, Pimbi aliacha. Hata kama alikuwa na hamu, aliacha. Akapata vijiko viwili vya maji ya umande vilivyopashwa na jua, akanywa vuguvugu, akanyamaza mpaka kesho yake.

Mwezi ulipokaribia kwisha, Bibi Kanga alipita chini ya jabali. Huyu Bibi Kanga ndiye mkubwa wa waitikiaji, ndiye anayetangaza nani kashinda, na ndiye redio ya kijiji kizima. Akasikia sauti imenyooka, tamu, inatoka kwenye ufa. Akachungulia, akaona ni Pimbi kaingiza kichwa mtungini. Alikimbia, kwa sababu neno lilikuwa linamchoma, moja kwa moja mpaka bwawani.

"Bwana Kiboko, shoga yangu Pimbi anaimba. Anaimba kweli. Ana mtungi unamfundisha."

Zilibaki siku tatu tu kufika siku ya kuimba. Kiboko akatoka majini, akapanda kilima, puu, puu, puu, mawe yakaporomoka. Akaketi mbele ya ule ufa, giza likaingia ndani.

"Pimbi, nifundishe unachofanya. Chote. Usiponifundisha, sibanduki hapa, wewe na wanao mtakula hewa. Na ukinidanganya nitajua."

Watoto wakajibana nyuma ya mama yao. Kho, kho, kho. Pimbi akafikiri, akafikiri haraka. Alimjua Kiboko vizuri. Ukimwambia shamba hili chuma boga moja, anakula shamba. Ukimwambia njia hii nyembamba, anaipanua kwa makalio. Akaona kumdanganya mtu kama huyu ni kazi bure, tena ni hatari. Afadhali amwambie kweli tupu.

"Bwana Mkubwa, sikufichi kitu," akasema Pimbi. "Unaguna ndani ya mtungi mpaka ukuitikie. Unaanzia chini. Unaweka jiwe dogo tumboni, unavuta pumzi mpaka liinuke. Unafanya kidogo asubuhi, kidogo jioni. Unakunywa maji vuguvugu. Siku ya kuimba hushibi. Na koo likiuma, unaacha."

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo tu."

Kisha Pimbi akapiga magoti, akatia huruma kwenye sauti. "Ila nakuomba, baba, chonde chonde. Usizidishe. Fanya kidogo kama mimi. Wewe ni mkubwa, ukizidisha nitapata wapi nafasi ya kukushinda? Nina watoto. Usizidishe, nakusihi."

Kiboko akatabasamu, na meno yake mnayajua yalivyo. "Nipe hapa huo mtungi," akasema. Akaubeba, akashuka, puu, puu, puu, huku akijisemea: "Anataka nifanye kidogo ili anishinde. Mimi ni mkubwa mara mia. Nitafanya mara mia."

Basi akaanza. Pimbi aliguna asubuhi na jioni. Kiboko akaguna kutwa. Mtungi haukumwitikia, kwa kuwa hakuutafuta, aliupigia kelele. "Hooooo." Akapiga zaidi. "Hoooooooo." Siku ya pili mtungi ukapasuka, pa. Kiboko akafurahi, akasema, "Umeona, hata mtungi umenishindwa."

Pimbi aliweka jiwe dogo. Kiboko akajiwekea tumboni jiwe la kusagia, na juu yake gogo, akavuta pumzi mpaka macho yakamtoka. Pimbi alianzia chini. Kiboko akasema chini ni kwa wafupi, akaanzia juu, akapanda juu zaidi. Koo likamuuma. Akakumbuka, "Koo likiuma, unaacha." Akasema, "Ahaa, hapo ndipo sauti inapotokea, ndiyo maana anataka niache." Akaongeza. Na siku yenyewe, alfajiri, akala shamba zima la maboga ili sauti ipate pa kukalia.

Siku ikafika. Wanyama wakajaa ukingoni mwa bwawa, mtama umeiva, vumbi linapanda, kanga wamejipanga safu mbili. Bibi Kanga akasema, "Aanze aliye na kiti."

Kiboko akasimama. Akainua mabega, akavuta pumzi, akafungua kinywa, na kinywa kile ni lango la mji.

"Fyuuu."

Watu wakatazamana. Bibi Kanga akakohoa kwa adabu. "Bwana, hatujapata cha kupokea. Tutupie tena."

Kiboko akavuta pumzi zaidi. "Kkkhhh."

Kanga wakafungua midomo, wakaifunga. Utapokeaje kitu kama hicho? Kwa mkono gani?

"Ya tatu," akasema Bibi Kanga.

Kiboko akajikaza mwili mzima, kuanzia kwato. Ikatoka kwikwi moja, na nyuma yake mbegu saba za maboga.

Sasa zamu ya Pimbi. Akapanda juu ya jiwe ili aonekane. Watoto wake wamekaa mbele wamemkodolea macho, na Kitembe kashika kifurushi, maana yeye alikuja kashafunga mizigo yake. Mtungi hakuna tena. Pimbi akaona kila kitu kimempotea kichwani, wimbo, pumzi, hata jina lake.

Akafumba macho, akafumba mdomo. Mabega akayaacha chini. Akaguna, "Mmmm." Siyo hapo. Akashuka kidogo. "Mmmm." Siyo hapo. Watu wakaanza kunong'onezana. Akapanda unywele mmoja tu.

Sharubu zikatetemeka, titititi.

Akafungua mdomo.

"Mtama umeiva, nani avune?"

Chini, taratibu, mahali ambapo hata mtoto angefika. Na kanga wakafika wote kwa pamoja.

"Tuvune sote, tuvune."

"Mtama umeiva, nani avune?" Akapanda kidogo, nafasi ya kupandia anayo. Swala wakaingia, ngiri wakaingia, nyani waliokuwa wakicheka wakaacha kucheka, wakaingia.

"Tuvune sote, tuvune."

Mara ya tatu akaipandisha mpaka juu, na pumzi ilikuwepo, ilikuwepo mpaka neno la mwisho na ikabaki. Jabali lenyewe likarudisha sauti. Watu walipokea huku wanaruka, vumbi, vigelegele, mikia hewani. Mimi nikisimulia hapa mwili unanisisimka, hebu tazameni mkono wangu.

Kiboko akajisogeza mbele kwa hasira. Akasema, kwa sauti ya jani linaloburutwa, "Alinidanganya."

"Alikwambiaje?" akauliza Bibi Kanga.

"Alisema nifanye kidogo."

"Na wewe?"

Kicheko kikaanzia kwa nyani, kikazunguka bwawa zima. Kiboko akawatazama mmoja mmoja, kama zamani. Lakini watu waliotoka kuimba pamoja hawatishiki upesi. Wakamtazama na wao. Akageuka, akaenda zake mtoni, na huko ndiko alikohamia.

Pimbi akatoa amri yake ya kwanza. "Wanywe watoto. Wa kila mtu."

Maji yalipotulia yakawa meupe mpaka ukaona mchanga chini. Watoto watatu wa Pimbi wakainama, lap, lap, lap. Mama yao akasimama nyuma yao anasikiliza. Wakanywa, wakainua vichwa, wakapumua. Hakuna aliyekohoa.

Sasa funzo, maana najua mnalisubiri, na wazazi wenu wataniuliza. Wanangu, msiwe kama Pimbi. Mkubwa mwenye njaa akiwajia mlangoni, mdanganyeni kwa heshima zote. Msimwambie kweli kamwe. Kweli, kama mlivyoona wenyewe, inaweza kumkaba mtu koo.

Nimeitupa.

Tumeipokea.

Imewafika?

Imetufika.

Basi kanywesheni ng'ombe, nami nitafute maji vuguvugu.