Mahfudhi na Kipanga wa Shaba

Katika mji wa Kaukabani, wenye bustani za komamanga na misikiti ya marumaru, alitawala Sultani Ghalibu bin Mundhiri, mfalme mwadilifu mwenye ndevu nyingi na subira kidogo. Mchawi mmoja aliyenyimwa uwaziri aliweka juu ya kuba la kasri kipanga wa shaba mwenye jiwe la akiki mdomoni, na tangu hapo Binti Durra, mwana pekee wa Sultani, hakupata lepe la usingizi, akakonda na kufifia, na matabibu wote wakashindwa.

Sultani akatangaza, "Atakayelivunja jiwe lile kwa mshale nitamwoza binti yangu, na atakayekosa nitamkata kichwa!"

Macho yote yakamgeukia Mahfudhi, mwuza udi, aliyesifika kwamba hakosi shabaha, naye kwa majivuno akaahidi kulipiga juma lijalo. Laiti wangalijua! Ndani ya upinde wake alifungwa jini mtumishi aitwaye Barkishi, naye aliudaka kila mshale hewani na kuuchomeka mahali pake, huku Mahfudhi, kwa maringo yake, amekwisha geuka kuwainamia watu na kupokea vigelegele.

"Ewe Barkishi, juma lijalo tuna kazi," akasema Mahfudhi alipofika nyumbani.

"Niwie radhi, bwana wangu. Akiki ile imerogwa, jini akiikaribia anateketea. Mshale huo utaupiga mwenyewe."

Mahfudhi akalia bila haya. "Basi nifundishe!"

Wakatoka nje ya mji. "Simama ubavu," akasema jini, "miguu ipanuke kadiri ya mabega. Mbona unaukaba upinde, umekukosea nini? Ushike kama mkono wa mgeni. Vuta ugwe mpaka kidole kiguse pembe ya mdomo, na nguvu itoke mgongoni. Tazama shabaha, usitazame mshale. Kisha legeza vidole, basi."

Ugwe ukamchapa mkono hadi ukavimba, na mishale ikaenda upande. Jini akamchunguza, akacheka. "Bwana wee! Ukiachia tu, unageuka kutafuta vigelegele, na upinde unageuka nawe. Tulia hivyo hivyo mpaka mshale ufike!"

Mahfudhi akaona aibu kubwa, akarudia mpaka akaweza.

Siku ilipowadia alisimama mbele ya kasri, akavuta, akalegeza vidole, na asigeuke. Akiki ikapasuka na kipanga akaporomoka. Watu wakafungua vinywa kushangilia, na yaya akachungulia dirishani, kidole mdomoni. "Nyamazeni! Binti Durra amelala!"

Mji mzima ukanyamaza. Watu wakavua viatu na kurudi makwao wakinyata, na Mahfudhi akanyata nao, hakuna aliyempigia hata kofi moja, naye hajapata kuwa na furaha kama ile.

Kabla ya ndoa akamwungamia Sultani habari za jini. Sultani akacheka mpaka ndevu zikatikisika. "Basi tutamwoza huyu aliyepiga leo!"

Wakaoana, wakapewa kasri na mashamba, na jini akaachiwa huru. Nawe uliyesikiliza, jifunze kazi yako kwa mikono yako, na ukiifanya vyema, waache wapendwa wako walale.