Mramba Mwongo

Wahenga waliposema heri nusu shari kuliko shari kamili, hawakuwa na maana kwamba mtu aipende hasara. Walimaanisha kwamba hasara mbili zikikukabili, uipokee ile ndogo mapema, hata kama watu watakucheka. Galeboe alichekwa asubuhi nzima.

Mama huyu alikuwa mchimbaji wa sengaparile, mzizi wa dawa unaoota kwenye matuta mekundu ya jangwa la Kgalagadi. Mzizi mama hauguswi. Mchimbaji hulala kifudifudi, huingiza mkono shimoni hadi begani, hukata vizizi vya pembeni tu, kisha hufukia ili mmea usife. Kazi ya namna hiyo haifanyiki na mtoto mgongoni. Kwa hiyo mjukuu wake Tshenolo, mtoto wa miezi kumi ambaye mama yake alikuwa kibaruani mjini, alilazwa kwenye blanketi chini ya mti wa motopi, hatua thelathini kutoka shimoni.

Siku hiyo gari la mnunuzi lilitarajiwa. Lilikuja mara moja tu kwa msimu, lilisimama barabarani kwa muda mfupi, na halikupokea gunia lisilojaa. Gunia la Galeboe lilipungua shibiri moja. Lisipouzwa, hapangekuwa na unga wa mtama nyumbani kiangazi kizima, na jambo hilo lilimkaa rohoni kama mwiba.

Karibu na ule mti liliishi kundi la nguchiro wa jangwani, wale wasimamao wima kwa miguu ya nyuma. Mmoja wao hupanda kichakani kulinda, wengine wakifukua nge na mabuu mchangani. Mlinzi akiona hatari hulia, na kundi zima hutimua mbio kuingia mashimoni. Galeboe alizoea tangu utotoni kukitegea sikio kilio hicho. Taabu ilikuwa mramba, ndege mweusi mwenye mkia wa panda, bingwa wa kuiga sauti za wenzake. Yeye hulia kama mlinzi, nguchiro wakikimbia hushuka kuokota nge walioachwa.

Mara tatu asubuhi hiyo kilio kilisikika. Mara tatu Galeboe aliacha shimo, akaenda mbio na kumnyakua mtoto. Mara tatu mramba alishuka, akala, akaruka zake.

Seabelo, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa ameshajaza gunia lake. Alijishika mbavu kwa kicheko.

"Shemeji, huyo ndege anakulipa kiasi gani?"

"Cheka tu. Meno si yako?"

"Nakwambia kweli! Hivi vinyama havina akili. Kila siku vinatapeliwa na bado vinakimbia."

"Vinatapeliwa, lakini vipo hai."

"Vyenyewe havina gunia la kujaza, shemeji!"

Papo hapo vumbi likaonekana mbali, upande wa barabara. Seabelo alijitwika gunia lake haraka.

"Gari hilo! Natangulia nimbembeleze dereva. Ila nakuomba, ndege akilia tena, jifanye kiziwi."

Maneno hayo yalimwingia. Galeboe alijitupa chini, akachimba kwa pupa, mchanga ukimwingia machoni. Akilia tena siendi, alijiapiza. Vidole vyake viligusa mzizi mnono, mmoja ambao peke yake ungelijaza gunia. Aliushika, akaanza kuukata taratibu.

Kilio kikasikika.

Galeboe alitulia tuli. Honi ya gari ililia barabarani. Mkono ulitaka mzizi, moyo ulitaka mtoto. Aliinua macho, akamwona nguchiro jike, kiongozi wa kundi, akidondosha nge mkubwa aliyemfukua kwa jasho na kukimbia na watoto wake. Jike huyo naye alitapeliwa mara tatu asubuhi ile, na hakusimama kuuliza ni nani aliyelia.

Galeboe aliuachia mzizi. Nyuma yake shimo likaporomoka. Alikimbia hadi motopi, akamnyakua Tshenolo, akarudi nyuma hatua kumi na kutazama. Hapakuwa na kitu. Alitamani kulia kwa hasira.

Ndipo nguchiro wakatoka tena mashimoni, safari hii wamesongamana, mikia juu, manyoya yamesimama, wakitema mate. Walikuwa wakilielekea blanketi. Kutoka kwenye mizizi ya motopi swila wa manjano alijitokeza, akatambaa juu ya blanketi, akapita palepale kilipokuwa kichwa cha mtoto. Galeboe alipiga ukelele uliofika barabarani.

Seabelo hakuwa amelifikia gari. Alilitupa gunia lake njiani, akarudi mbio na mtaimbo wake wa kuchimbia mkononi. Alipofika, nguchiro walikuwa wamemzunguka nyoka na kumsumbua hadi akakimbilia kichakani. Kwenye blanketi ulibaki mchirizi wake tu. Seabelo aliutazama, akaketi mchangani. Honi ililia mara ya mwisho, kisha vumbi likaanza kwenda zake.

"Gari limeondoka, shemeji," alisema kwa sauti ndogo. "Gunia langu nalo limebaki."

"Limeondoka."

"Sasa tutakula nini?"

Galeboe alimkumbatia mjukuu wake kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Machozi yalimtiririka bila kuona haya.

"Tutakula matikiti ya porini, na tutanung'unika kiangazi kizima," alijibu. "Lakini tutanung'unika tukiwa watatu."

Seabelo aliinamisha kichwa, hakucheka tena. Hakika, heri nusu shari kuliko shari kamili.