Gari la Mkunga Lililobabuka

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, kwa maana magari yalikwishakuwepo na watu walikwishazoea kuyalalamikia, palikuwa na mkunga mmoja mjini Kondoa, jina lake Bi Mwantumu. Bi Mwantumu alikuwa na gari dogo jekundu. Halikuwa gari la fahari. Alilinunua likiwa limekwishatumika, na kwa gari hilo aliwabeba wajawazito kutoka vijijini kuwaleta hospitali, masika na kiangazi, mpaka watu wakiliona linatimua vumbi husema, "Leo kuna mtu anazaliwa."

Alipostaafu, magoti yakamkataa. Gari likakaa uani. Na jua la Kondoa halina huruma na kitu kinachokaa mahali pamoja. Kwanza wekundu ulififia. Kisha boneti na paa vikaanza kubabuka, vikaota mabaka meupe yenye kingo zinazobanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Asubuhi Bi Mwantumu hufungua dirisha, hulitazama gari lake, kisha hulifunga dirisha.

Katika ua ule aliishi na watu watatu. Mwanaidi, bintiye mkubwa, alikuwa mwalimu. Swalehe, mwanawe wa pili, alifuga kuku. Wa tatu alikuwa Shamimu, mke wa Idrisa, yule kitinda mimba aliyekuwa Mtwara kikazi. Shamimu huyu kazi yake ilikuwa kuwapaka maharusi hina. Na wote watatu walilitaka gari. Mwanaidi alitembea mwendo mrefu kwenda shuleni. Swalehe alipeleka mayai sokoni kwa baiskeli, na barabara ilikuwa na mashimo. Shamimu aliitwa na maharusi wa vijijini akakosa jinsi ya kuwafikia.

Siku ya Idi, pilau limekwishaliwa na majirani wangali wamekaa, Bi Mwantumu akasema:

"Mimi sitaendesha tena. Lakini gari hili limenitunzia heshima, sitalitoa likiwa na uso huu. Yeyote wa ua huu atakayelirudishia uso wake, hapa hapa nyumbani, bila kutufilisi kwa gharama za gereji, huyo nitampa ufunguo."

Neno likatoka, majirani wakalisikia, na neno likishatoka halirudi.

Kesho yake Swalehe akaja na kopo la rangi nyekundu, ile ya kupaka mageti, na brashi pana. Akafungua kopo, akachovya brashi. Mwanaidi akatoka jikoni na birika la maji.

"Ngoja kwanza, Swalehe."

"Ningoje nini, dada? Rangi imekufa, naweka nyingine."

Mwanaidi akamimina maji juu ya boneti. Pale maji yalipopita, mabaka yakapotea, na wekundu ukatokea kama siku gari lilipoingia uani mara ya kwanza. Bi Mwantumu akainuka kitini. Wakatazama wote. Maji yakakauka, mabaka yakarudi.

"Umeona," alisema Mwanaidi. "Rangi ipo. Kilichokufa ni ngozi ya juu yake, ile inayong'aa, mafundi wanaiita klia. Ukilipaka hiyo ya geti umelizika likiwa hai."

Akamweleza aliyoyasikia kwa fundi mmoja wa rangi, ambaye mtoto wake alisoma darasani kwa Mwanaidi. Lioshwe kwa sabuni. Lisuguliwe kwa msasa wa maji, ule laini, mkono mwepesi. Maji yakitoka meupe, unasugua ngozi iliyokufa, endelea. Yakitoka mekundu, umefika kwenye rangi yenyewe, acha. Kisha ipulizwe klia mpya ya makopo, safu nyembamba juu ya safu nyembamba. Alipokwisha kusema akachukua mkoba wake, maana shule zilikuwa zimefunguliwa, na hakuligusa gari tena.

Swalehe akafunika kopo lake, akaanza kusugua.

Alisugua boneti, akasugua paa. Bomba lilikuwa kavu, kwa hiyo maji aliyachota kisimani kwa ndoo. Alisugua mpaka ncha za vidole zikachubuka, akazifunga vitambaa, akaendelea. Maji yalitoka meupe kama tui. Mahali pamoja tu yalibadilika yakawa na wekundu, na hapo hapo akaondoa mkono.

Bi Mwantumu alimtazama kutoka barazani, na moyoni alikuwa na jambo. Alipostaafu alinunua nguzo na mabati ya kulijengea gari kivuli. Swalehe aliyaomba akajengee banda la kuku, akasema atayarudisha mvua zikiisha. Mvua ziliisha, zikaja nyingine, kuku wakawa kivulini na gari juani. Tangu hapo hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Siku moja Swalehe akaacha kusugua, akasema bila kugeuka, "Mama, yale mabati."

"Endelea na kazi, baba," alisema Bi Mwantumu.

Akaendelea.

Msasa ulipokwisha kazi yake, boneti na paa vilikuwa vimefifia, havina mabaka wala mng'aro. Swalehe akashika kopo la klia, akalijaribu kwenye ubao. Mkono uliochoka ukatetemeka, klia ikachuruzika kama machozi. Shamimu alikuwa akianua nguo. Akaja, akautazama ule ubao.

"Nipe mimi, shemeji. Mkono wangu umezoea kutotetemeka."

Lakini kabla ya kupuliza, alibandika magazeti kwenye vioo, kisha akasimamisha miti minne na kuitandazia mashuka. Swalehe akamwambia hakuna upepo. Shamimu akamjibu kwamba hina ya bibi harusi huharibiwa na nzi mmoja, akaendelea kufunga kamba. Akajifunga kitambaa puani na mdomoni, akapuliza. Safu nyembamba, akangoja. Safu nyembamba, akangoja. Wekundu ukaanza kuamka chini ya mkono wake.

Safu ya mwisho ilikuwa bado mbichi, na Swalehe ameenda kisimani, ndipo chamchela, ule upepo wa kuzunguka, akainuka kutoka kwenye mchanga wa mto mkavu. Alikuja na vumbi, majani na mifuko ya nailoni. Akayajaza mashuka, mti mmoja ukang'oka, ukaanza kuinamia boneti. Shamimu akauwahi. Akaukinga kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akabana shuka lisiguse klia. Bi Mwantumu, na magoti yake, alijikokota kutoka barazani kwenda kumsaidia, lakini kabla hajafika alisikia mfupa ukilia.

Chamchela akapita. Boneti haikuwa na chembe ya vumbi. Kifundo cha mkono wa Shamimu, mkono wa kulia, mkono wa hina, kilikuwa kimevunjika. Na msimu wa harusi ulikuwa ndio unaanza.

Klia ilipokauka vizuri, Swalehe akalisogeza gari mbele ya nyumba. Majirani wale wale wakaja. Mzee mmoja, ambaye mkewe alijifungua yeye akiwa mbali, alisema tu kwamba mwanawe wa kwanza alifika hospitali ndani ya gari lile. Bi Mwantumu akakaa, ufunguo mkononi, akasema, "Haya, semeni."

Mwanaidi akasema, "Mama, mimi sikusugua wala sikupuliza. Lakini nisingemimina maji yale, leo mngekuwa na geti lenye magurudumu. Mikono ya wote wawili ilifuata njia niliyoionyesha mimi."

Swalehe akasema, "Mama, njia ikionyeshwa bila mtu wa kuitembea ni maneno. Kazi kubwa niliifanya mimi. Mabati nilichukua mimi, sikatai. Lakini aliyeharibu akatengeneza kwa jasho lake, deni lake bado lipo?"

Shamimu alikuwa na mkono kwenye bandeji ngumu. Akasema, "Mama, mimi ni mkwe, sikuzaliwa humu. Lakini ulisema wa ua huu, hukusema wa tumbo hili. Wenzangu walilitayarisha. Mng'aro mnaouona niliuweka mimi, na nilipoulinda nililipa kwa mkono unaonilisha."

Jirani mmoja akashauri walitumie kwa zamu. Bi Mwantumu akatikisa kichwa. "Gari la watatu halina wa kulimwagia oili. Nilisema mmoja."

Akawatazama mmoja mmoja. Maisha yake yote aliamua mambo mazito, lini kungoja na lini kukata, na mkono wake haukusita. Siku ile ulisita. Akimpa Mwanaidi, amelipa kauli na kuacha jasho. Akimpa Swalehe, watu watasema mwenye kuharibu ndiye aliyetuzwa. Akimpa Shamimu, wanawe wa kuzaa watamwuliza walikosa nini.

Basi nami namwacha pale pale, amekaa mbele ya gari lake jekundu, na watu wanamngoja. Nyinyi mmewasikia wote watatu kama alivyowasikia yeye. Ufunguo ungekuwa mkononi mwenu, je, nani alistahili kupewa?