Fundi Aliyezima Kwaya

Kulikuwa na fundi redio mmoja, wapendwa, katika kijiji cha milimani. Kwa mikono yake, kwa vipuri vya redio mbovu, aliunda mtambo wa kurusha matangazo. Kibali hakuomba. Alizungusha redio hadi mwisho wa masafa, akakuta kimya, akasema hapa hapana mwenyewe. Jumapili moja akaufunga kanisani, na kwaya ikasikika hadi ng'ambo ya bonde, na kijiji kizima kikatembea kifua mbele. Nani asingejivuna? Hata mimi ningejivuna.

Basi, Jumapili iliyofuata palikuwa na mama zahanati, uchungu umemshinda, na ndege ndogo ya wagonjwa iko njiani. Uwanja wao ni wa nyasi, ng'ombe hulala katikati. Kazi ya nesi ni kumwambia rubani kwa redio ya mkononi: shuka, au ngoja tuwaondoe. Nesi akaita, akaita tena. Kilichojibu ni kwaya.

Akakimbilia kanisani. Mzee wa kanisa akamzuia mlangoni. "Binti yangu, ibada haikatizwi. Ngoja wamalize."

"Baba, ndege iko juu na ng'ombe wako uwanjani. Kwaya yenu ndiyo inanizuia nisisikike."

Fundi alisikia. Akautazama mtambo wake, kazi ya miaka mitatu, kisha akachomoa waya wimbo ukiwa katikati. Wengine walimnunia hadi jioni. Lakini rubani alimsikia nesi, akazunguka mara mbili, akatua. Mama akapona, na mtoto akapona.

Baadaye walimuuliza rubani kama aliisikia kwaya yao. Akajibu, "Niliisikia vizuri sana. Ndiyo maana sikumsikia nesi."

Mnaelewa? Kimya kile kilikuwa na wenyewe! Wapo watu waliokaa wakisikiliza, ili siku mtu mmoja akiomba msaada asikike. Na sisi je? Mara ngapi tumekuta mahali hapana kelele tukasema ni petu?

Najua mnanong'ona. Mtambo wetu umefika tangu Pasaka, uko stoo, kibali hakijaja. Mmoja wenu aliniuliza, Mchungaji, tukijaribu dakika tano tu, nani atajua? Ufunguo wa stoo unaning'inia pale ukutani, kila mtu anauona. Hakuna aliyeugusa. Wapendwa, nimehubiri miaka ishirini na moja, na sijawahi kujivunia usharika kama ninavyojivunia huu, wenye uwezo wa kusikika wilaya nzima na bado unasubiri kuruhusiwa.