Skeli Mbili kwa Chumvi Moja

Fundi anayewamba ngoma hukaza ngozi kuelekea upande alioketi yeye. Wahenga walimwona fundi huyo na ngozi yake. Sisi tumemwona na kompyuta.

Kijiji cha Mkange kilipewa kisima kirefu kimoja tu, na vitongoji viwili vilikihitaji, maana visima vifupi vya Bondeni na vya Kilimani vyote vilikuwa vimeingiwa na chumvi. Haidar, kijana wa Kilimani aliyejifunza mwenyewe Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, alipewa kazi ya kuchora grafu ya vipimo vya chumvi vya mwaka mzima. Hakughushi namba hata moja. Ila ndani ya mchoro mmoja alipanga skeli mbili za kwake: hatua za Bondeni akazibana, za Kilimani akazitanua. Mstari wa Kilimani ukapaa kama moshi, wa Bondeni ukalala kama mgonjwa.

Siku ya mkutano grafu ilibandikwa ukutani mwa darasa. Mwalimu Skolastika, mwenyekiti wa kamati ya maji, akashika kalamu.

"Picha imesema, chumvi imezidi Kilimani. Kisima kiende huko."

Bi Ashatu wa Bondeni akainuka. Mkwewe mjamzito alikuwa amevimba miguu. Zahanati imemkataza maji yale, na mengine hana.

"Mwalimu, kabla hujaandika, naomba nipime."

Akatandaza vidole juu ya karatasi, akasoma namba pembeni. "Shubiri moja ya kwetu, chumvi elfu moja. Shubiri moja ya kwao, mia mbili. Haidar mwanangu, una pishi ya kununulia na nyingine ya kuuzia?"

Darasa likaangua kicheko.

"Namba zote ni za kweli, bibi," Haidar akasema.

"Za kweli, ndiyo. Sasa zichore kwa skeli moja."

Haidar akafungua kompyuta yake, akafuta mistari michache ya programu, akaigeuza watu waone. Bondeni ikasimama juu. Kilimani ikabaki chini, mbali kabisa. Hakuna aliyecheka tena.

"Mama yangu naye anakunywa chumvi," Haidar akasema kwa sauti ya chini.

"Anakunywa, najua," Bi Ashatu akamjibu. "Na kisima ni kimoja."

Mwalimu akaandika Bondeni. Haidar akatoka nje bila kumtazama mama yake aliyeketi kati ya watu, naye mama hakumwita. Siku hiyo Mkange nzima ilishuhudia kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.